Mbona muvi za siku hizi watu wananong'ona halafu bunduki zinapasua masikio?

#1 MweneRimoti (Nakuru, Section 58)
Wadau salamu. Nina swali moja na naomba msinicheke. Hivi ni mimi peke yangu ama muvi za siku hizi zinatengenezwa zisiskike? Jana Jumamosi usiku watoto wamelala, mama watoto ameenda kesha, nikasema leo ni leo, nikachomeka fleshi kwa TV nikakaa na chai yangu ya tangawizi. Muvi inaanza poa. Watu wawili wako ndani ya gari wanaongea, siskii kitu, naongeza sauti 20, 28, 35, nafika 41 ndio naanza kushika neno moja moja. Mara mmoja anafungua mlango ashuke, gari inalipuka. Wee! Glasi kwa kabati zilitetemeka, mtoto mdogo akaamka analia, jirani wa juu akagonga sakafu na kitu nadhani ni mwiko wa ugali. Nikashusha hadi 9. Kunong'ona kukaanza tena. Masaa mawili kazi yangu ilikuwa kupanda na kushuka na rimoti, chai ikapoa hata sikuinywa.

Na mbaya zaidi ni hii. Katikati kuna mzee anakufa, mzee wa ndevu nyeupe, amelalia mapaja ya akta, anamvuta shingo anamnong'oneza kitu kwa sikio. Akta analia. Kutoka hapo muvi yote inategemea hicho kitu mzee alisema, jamaa anaacha kazi, anaacha bibi, anapanda meli. Nimerudisha nyuma mara sita. Mara sita! Naskia tu "fsss... mmh... broda" ama pengine ni "briji", siwezi apa. Muvi ikaisha sijui huyo mtu alikuwa anaenda wapi na kwa nini.

Sasa shida ni TV, ni muvi, ama ni masikio yangu?

#2 Kaptembwa_Finest
Muvi inaitwaje?

#3 OmeraWaKondele (Kisumu)
Uza hio TV ununue redio. Redio hakuna kitu hulipuka isipokuwa wanasiasa.

#4 MweneRimoti
@Kaptembwa_Finest jina sijui ndugu yangu. Kijana wa duka la muvi huandika faili vile anataka. Hii imeandikwa KALI 7. KALI 6 ilikuwa ya papa.

#5 NyarDunga (Kisumu)
Pole sana lakini umenichekesha na mwiko. Mimi nilikuwa na hio shida nikadhani ni Kiingereza changu. Nikaona aibu hata kuuliza. Tukiwa tunatazama na binamu yangu ambaye ni mwalimu wa Kiingereza huko Maseno nikawa nanyamaza tu natikisa kichwa kama nimeelewa, mpaka siku moja muvi imefika mwisho nikamuuliza kwani kwa nini yule dada alimwacha bwanake, akaniangalia akasema "mimi nilikuwa nangoja wewe ndio uniambie." Kumbe wote tulikuwa tunatikisa vichwa.

Kwa hivyo mimi nasema ni lugha yao. Wanameza maneno. Mwingereza wa mashambani huko kwao hata Mmarekani hamskii. Na hawa akta wa siku hizi wanataka kukaa kama watu halisi, sasa mtu halisi hufungua mdomo nusu.

#6 FundiSpika (Nakuru)
Nimetengeneza spika na TV hapa mjini miaka 14 na hii malalamiko naipata kila wiki. Mtu analeta TV anasema spika imekufa, nafungua, spika ni nzima kabisa. Wacha nieleze pole pole.

Muvi kubwa inachanganywa ikiwa na njia sita za sauti, ndio hio mnaona imeandikwa 5.1. Kuna mbele kushoto, mbele kulia, mbele katikati, mbili za nyuma, na ile moja ni ya besi tu. Maneno ya watu karibu yote yanapitia ile ya katikati. Sasa wewe TV yako iko na spika mbili. Katikati hakuna. TV inachukua ile njia ya katikati inaigawa huku na huku, na kwa hesabu ya kawaida inaishusha kidogo, halafu juu yake inamwaga muziki, upepo, magari na bunduki. Maneno yanazama. Na yule aliyechanganya hio sauti alikuwa amekaa kwa chumba kimenyamaza ndii, spika zimepimwa kiwango cha ukumbi wa sinema, desibeli 85, hakuna bodaboda, hakuna mbwa, hakuna jirani anapika.

Halafu geuza TV yako uangalie spika ziko wapi. TV za siku hizi ni nyembamba kama chapati, spika zimewekwa chini ama nyuma, zinaongea na ukuta. Mtu akikupa mgongo akaongea utamskia? Ile TV ya zamani ya Great Wall ya inchi 14 tuliyokuwa tunawasha na betri ya gari spika ilikuwa mbele, inakuangalia kwa macho.

Ingia setingi ya sauti, toa ile ya kuzunguka, weka sterio ama PCM. Kama kuna mode ya usiku iwashe. Ukitaka raha nunua saundiba, hata ndogo.

#7 Kaptembwa_Finest
Fundi kila mtu akikuuliza kitu jibu ni nunua kitu.

#8 FundiSpika
Nimesema setingi kwanza. Soma kijana.

#9 DukaLaMuvi_Lurambi (Kakamega)
Mimi nauza muvi na wacha niseme ukweli hata kama utaniharibia biashara. Kopi zenyewe ndio shida. Kuna zile zimerekodiwa na kamera ndani ya ukumbi, hio hata ukiweka spika za disko utaskia tu watu wakikohoa na mtu akitafuna bisi. Halafu kuna zile nzuri lakini ni GB 8, na mteja amekuja na fleshi ya GB 4 anataka muvi tano. Nitafanya nini? Naziminya. GB 8 inakuwa MB 700. Picha najaribu kuitunza, sauti ndio inaumia. Mteja hajawahi rudi kulalamika sauti, anarudi akiona picha ina vidoti.

Kwa hivyo KALI 7 yako imeminywa. Mimi najua mtu akiandika KALI ni wa shule yangu.

#10 Kijana_wa_Mitambo (Eldoret)
Marekebisho mawili hapo juu kwa heshima. @FundiSpika ile setingi ya PCM inasaidia ukiwa umeunganisha spika za nje ama saundiba. Kama unaskiza na spika za TV yenyewe haibadilishi kitu cha maana, hapo tafuta mode ya usiku ama ile imeandikwa sauti wazi. Mode ya usiku inafanya kitu kimoja tu, inainua sauti ndogo na kukandamiza sauti kubwa, kwa hivyo kunong'ona na mlipuko vinakaribiana.

Na @DukaLaMuvi_Lurambi kuminya faili sio sawa na kushusha maneno. Ukiminya sana sauti inakuwa na mikwaruzo, inakaa kama mtu anaongea ndani ya debe, lakini mlipuko na maneno zinaumia pamoja. Haiwezi chagua maneno tu. Tofauti ya kunong'ona na kulipuka iliwekwa na wenye muvi kabla haijafika Lurambi.

#11 FundiSpika
Hapo kwa PCM nakupa. Lakini bado geuza TV uangalie spika.

#12 DukaLaMuvi_Lurambi
Asante kijana wa mitambo, umeniosha. Bei inabaki shilingi 30.

#13 OmeraWaKondele
Swali la ukweli kwa mwenye uzi. Ulikuwa unakunywa chai na nini?

#14 MweneRimoti
Njugu karanga. Kwani?

#15 OmeraWaKondele
NIMEMALIZA. Mtu anatafuna njugu anasema hawa watu hawaskiki. Ukitafuna kitu kigumu kelele iko ndani ya kichwa chako omera, taya liko karibu na sikio kuliko TV. Mimi nilijifunza na miwa. Kila nikitafuna miwa habari za saa moja naskia salamu na kwaheri tu.

#16 MweneRimoti
Njugu ziliisha kabla mzee hajakufa.

#17 MwalimuMstaafu (Chwele, Bungoma)
Mulembe. Mmenikumbusha mbali. Nyinyi mnalia sauti, sisi tulianza na sinema ya kuletwa na gari. Miaka ya sabini gari la sinema likija Chwele habari inaenea tangu asubuhi, jioni wanafunga kitambaa cheupe kwa uwanja wa shule, tunakaa chini, wazee kwa viti vyao. Filamu ilikuwa ya kizungu ama ya Charlie Chaplin ambayo haina maneno. Na kando ya gari kulikuwa na mtu na kipaza sauti anatueleza kwa Kiswahili na mara nyingine kwa Kibukusu. Yule mtu alikuwa mwongo hodari. Chaplin akianguka anasema "huyu amekataa kulipa kodi." Tulicheka mpaka machozi. Katikati wanakatiza wanatangaza sabuni.

Sinema kwa miaka mingi haikuongea kabisa. Filamu ndefu ya kwanza yenye watu wanaoskika wakizungumza ilitoka 1927 huko Marekani, na hata hio ilikuwa na maneno ya mdomo machache tu. Akta wa kwanza wa kuongea wengi walitoka jukwaani, walizoea kupaza sauti ifike kwa mtu wa kiti cha nyuma. Tena maikrofoni za wakati huo zilikuwa dhaifu, ukinong'ona hushikwi. Sasa mtu anafungiwa kimaikrofoni kama punje ya mahindi kifuani ndani ya shati, akipumua tu kinashika. Kwa nini apaze? Amezoea kuongea na kifua chake.

Halafu mnasema "akta" mkimaanisha mhusika mkuu peke yake. Wote ni akta. Hata yule anayepigwa risasi dakika ya kwanza.

#18 Kaptembwa_Finest
Mwalimu na heshima zote, akta ni yule hafi. Hao wengine ni adui na raia.

#19 BusiaMpakani
Hahaha mwalimu huyo mtu wa gari la sinema ndio babu ya DJ Afro, yule wa kueleza muvi kwa Kiswahili.

Sisi huku Busia hii shida hatuijui. Muvi zinavuka kutoka Uganda zikiwa na maVJ, kina VJ Jingo, anaongea Kiganda juu ya muvi mwanzo hadi mwisho, anakuambia huyu ni nani, anaenda wapi, ameoa nani. Hauskii akta hata neno na hakuna kitu unapoteza. Mimi Kiganda changu ni cha soko lakini naelewa kuliko nikiwekewa Kiingereza. Mlipuko ukija VJ anapiga kelele kuushinda.

Na nimeona hio muvi ya mzee wa ndevu! Kama ni ile ya meli. VJ alisema mzee alimwambia akta kuna mtu anamdai pesa huko ng'ambo, aende akalipe deni ndio azikwe kwa amani.

#20 MweneRimoti
Deni?? Jamaa ameacha bibi juu ya deni la mtu mwingine?

#21 NyarDunga
@BusiaMpakani VJ mwenyewe alikuwa hajaskia akatunga.

#22 BusiaMpakani
Pengine. Lakini wewe una gani?

#23 Rhonda_Boy (Nakuru)
DJ Afro ndio mfalme, wengine wanajaribu. Nimekua kwa kibanda cha video hapa Rhonda, tunalipa shilingi kumi, tumebanana kwa mabenchi, wufa inatikisa mabati na bado kila neno la DJ Afro linaingia. Kwa sababu sauti yake imewekwa juu ya kila kitu. Kama wazungu wangekuja kujifunza kibandani hatungekuwa na huu uzi. Mimi mpaka leo nikiona muvi ya Rambo kwa Kiingereza naona kama imefinyangwa. Ile ya kwanza Rambo aliua askari karibu mia kwa ule msitu.

#24 Kijana_wa_Mitambo
Rambo ya kwanza ni ya 1982 na mtu unayemuona akifa waziwazi ni mmoja, yule askari anayeanguka kutoka kwa helikopta. Wengine anawaumiza tu anawaacha. Mauaji ya kumwagika yalianza ile ya pili, 1985, akirudi Vietnam.

#25 Rhonda_Boy
Kwa DJ Afro walikuwa mia. Nilihesabu.

#26 MwalimuMstaafu
Hio ndio shida ya mkalimani. Nilitaja kodi ya Chaplin.

#27 Akoth_wa_PoshoMili (Ahero)
Mimi nitaongea kitu hamjataja. Nilifanya kazi kwa posho mili miaka tisa, kila siku kutoka saa mbili asubuhi hadi jioni, hakuna kufunika masikio, nani angekupa. Niliacha kazi 2019. Nikaanza kugombana na watoto nyumbani nikiwaambia mnanong'ona, wananiambia mama hatunong'oni. Naskia mtu anaongea lakini siskii anasema nini. Kwa TV ni hivyo hivyo, muziki naskia, mlango naskia ukigongwa, watu wanaongea ni kama wako na ugali mdomoni.

Nikaenda hospitali kubwa wakanipima na hedifoni. Daktari akaniambia masikio yangu yamepoteza zile sauti nyembamba, za s na f na t na k. Zile nzito bado ziko. Kwa hivyo "a e o" naskia na neno lenyewe linapotea. Akasema kelele ya mashine huanza kuharibu hapo hapo kwa nyembamba, na hata uzee huanza hapo.

Sasa mwenye uzi alisema ameskia "broda ama briji". Ndugu yangu angalia masikio yako pia, sio TV tu. Sikutishi.

#28 MweneRimoti
Dada Akoth asante, hio imeniingia. Nilikuwa nachomelea mageti miaka minne na grainda. Lakini mama watoto pia haskii na yeye hajawahi shika grainda.

#29 Muuguzi_Naka (Nakuru)
Alichosema Akoth ni kweli kabisa. Grainda na posho mili ni ndugu. Uharibifu wa kelele huonekana kwanza karibu na hezi 4,000, na hapo ndipo s, f na t zinakaa. Uende upimwe, ni kukaa tu kwa chumba kimya ukibonyeza kitufe ukiskia mlio. Na kwa sasa ukikata chuma vaa kinga. Pamba ya kawaida ukiziba sikio nayo haisaidii kitu.

#30 OmeraWaKondele
@Akoth_wa_PoshoMili pole min nyithindo. Na watoto wanaongeaje na wewe sasa?

#31 Akoth_wa_PoshoMili
Wanaongea wakiniangalia. Na tunaweka sabutaito. Nasoma. Nimepata kasi mpaka namaliza mstari kabla akta hajamaliza.

#32 Lurambi_Mvua (Kakamega)
Nyote mko na nyumba za dari. Njooni Kakamega saa kumi jioni mvua ikianza juu ya mabati mtazame muvi. Hapo hakuna 5.1 hakuna nini. Unaona midomo tu. Mara nyingine ni mvua ya mawe unadhani ni sehemu ya vita. Mimi sasa hutazama asubuhi.

#33 Kiamunyi_Mama (Nakuru)
Kwangu sabutaito zimeleta vita. Bwanangu anazitaka, kijana wangu hazitaki, anasema zinasema mzaha kabla mtu hajausema na unacheka kabla ya wakati. Na ni kweli. Tena kuna zile zinaandika hadi kelele, mtu anatembea kwa nyumba poa kabisa, chini inaandikwa "muziki wa hatari". Si mmeniambia tayari! Halafu macho yangu yakiwa chini sioni sura. Muvi ya kulia nilimaliza bila kulia juu nilikuwa nasoma.

Lakini swali kwa mwenye uzi. Hapo sebuleni uko na kapeti? Pazia? Makochi?

#34 MweneRimoti
Tumehamia mwezi jana. Kuna TV, kabati, godoro moja na viti viwili vya plastiki. Tailisi.

#35 Kiamunyi_Mama
Basi. Hio nyumba ni kisima. Tulipohamia tulikuwa tunaongea na mwangwi. Sauti inagonga ukuta inarudi, inagonga tailisi inarudi, maneno yanapandana. Tuliweka kapeti, pazia nzito na kochi la kitambaa, TV ni ile ile, tukashusha sauti kutoka 30 hadi 18.

#36 FundiSpika
Huyu mama anajua. Hata mimi mteja akileta TV siku hizi namuuliza kwanza anakaa nyumba gani.

#37 Kaptembwa_Finest
Fundi sasa anauza makapeti.

#38 Dala_Filamu (Kisumu, Milimani)
Wacheni niingilie kati kidogo. Mnalaumu TV, masikio na kapeti kama wenye muvi hawana makosa. Wako nayo. Tenet ya 2020, Christopher Nolan, watu walilalamika dunia nzima, hata waliotazama kwa ukumbi wenye spika zote. Na Nolan sio mara yake ya kwanza, hata Interstellar ya 2014 alilaumiwa hivyo hivyo akajitetea hadharani kwamba amechanganya sauti akipenda, kwamba sio lazima kila kitu kielezwe kwa maneno. Kwa hivyo kuna watu wanafanya makusudi. Yule mzee wako wa ndevu pengine hata haukutakiwa umskie.

Na msidhani ni wazungu tu. Nairobi Half Life ya 2012, ya kwanza Kenya kupeleka kushindania Oscar, ni Kiswahili, Sheng na Kikuyu, mimi ni mtu wa huku na nilihitaji sabutaito kwa lugha ya nchi yangu. Sauti ilikuwa safi. Ni mimi sikuwa najua Sheng ya Nairobi. Sasa hapo utalaumu spika?

#39 Rhonda_Boy
Hio Sheng ni rahisi buda, ni wewe umekaa Milimani sana.

#40 NyarDunga
@Dala_Filamu umenikumbusha kitu. Baba alikuwa anatupeleka Tivoli hapa mjini tukiwa wadogo, muvi za Kihindi, masaa matatu. Hakuna mtu kwetu alijua Kihindi hata neno moja. Na tulilia. Mama alikuwa analia mpaka anakopa leso ya mtu wa nyuma. Tukifika nyumbani tunasimuliana na kila mtu ana hadithi yake, kaka yangu anasema yule mama alikuwa mama mzazi, mimi nasema alikuwa mama wa kambo, na tunapigana. Hakuna mtu alisema hatujaskia. Tulikuwa hatujui kama tunatakiwa kuskia.

#41 MwalimuMstaafu
Hapo NyarDunga umesema.

#42 Kijana_wa_Mitambo
Sikubaliani kabisa. Muvi ya Kihindi inaimba, inacheza, mtu akikasirika kamera inamwendea usoni mara tatu. Imetengenezwa ieleweke kwa macho. Ya MweneRimoti imeweka siri yote kwa kunong'ona kumoja. Huwezi linganisha.

#43 DukaLaMuvi_Lurambi
Wadau nimefanya utafiti. Nimeulizia kwa mabeste wa maduka na nimepata muvi ya mzee wa ndevu na meli, kopi kubwa, na faili ya sabutaito kando. Nimeiweka nikaenda mahali mzee anakufa.

#44 MweneRimoti
SEMA

#45 OmeraWaKondele
Naweka miwa chini.

#46 DukaLaMuvi_Lurambi
Imeandikwa "ananong'ona". Hivyo tu. Kwa mabano.

#47 NyarDunga
WUUUI

#48 Akoth_wa_PoshoMili
Hahaha na mimi ndio nasifu sabutaito.

#49 Dala_Filamu
Si nilisema. Haukutakiwa umskie.

#50 Kijana_wa_Mitambo
Ama aliyeandika sabutaito pia alikuwa anatafuna njugu. Wengi wa zile za bure wanaandika wakiskiza kwa masikio yao, asiposkia anaruka. Kama ni ile rasmi hapo naweza amini Dala.

#51 BusiaMpakani
Deni. Mimi nimesimama na deni.

#52 MweneRimoti
Narudisha majibu, ni siku nne sasa. Nimewasha mode ya usiku, imesaidia, naacha kwa 22 na mlipuko hauamshi mtoto, ingawa muziki umekuwa bapa kama unatoka kwa simu. TV nimeigeuza nikaona spika kweli ziko mgongoni, nikaisogeza karibu na ukuta na kuweka kibao cha kukatia mboga nyuma yake ili sauti irudi mbele, fundi usinicheke. Kapeti mwisho wa mwezi. Dada Akoth nimechukua tarehe ya kupimwa.

Sasa jana mama mkwe amefika kutoka Vihiga. Kiingereza hajui. Nikamwekea KALI 7 tu apumzike nikiwa jikoni. Mzee wa ndevu akafika pale, akamvuta jamaa shingo, mama akasema polepole "amemwambia asimwache azikwe huko kwa watu, ampeleke kwao." Nikamuuliza mama umeskiaje? Akaniangalia kama mtoto. "Mzee anakufa mbali na nyumbani atasema nini kingine?" Na ukiangalia, jamaa anapanda meli na sanduku refu. Sanduku refu wadau! Mara sita nilirudisha nyuma na sijawahi angalia sanduku.

#53 NyarDunga
Nimepata baridi.

#54 Rhonda_Boy
Sanduku inaweza kuwa ya bunduki.

#55 BusiaMpakani
Ama pesa za deni.

#56 Kaptembwa_Finest
Nimesoma uzi wote. Muvi inaitwaje?

#57 MweneRimoti
Nimerudi kwa kijana wa duka leo nimuulize. Ameifuta kupata nafasi. KALI 7 sasa ni ya mbwa.

#58 Kaptembwa_Finest
Basi nitumie hio ya papa.